Uvimbe Usiodhuru Uliofika Mapafuni

Katika masomo ya elimu ya viumbe mashuleni, uvimbe aghalabu hugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la uvimbe usiodhuru. Huu, kwa mujibu wa jedwali ambalo mwalimu huliandika ubaoni, hukua polepole, hubaki pale ulipoanzia, na ukisha kuondolewa wote haurudi. Fungu la pili ni la saratani, ambayo hukua kwa kasi, huvamia nyama iliyo jirani, husafiri kwa njia ya damu au limfu, na kuanzisha makazi mapya katika viungo vya mbali. Mwanafunzi huliandika jedwali hilo katika daftari lake, hulikariri, na siku ya mtihani hulirudisha kama alivyolipokea.

Jedwali hilo si la uongo. Kwa wagonjwa walio wengi sana husema kweli, na tabibu hulitegemea kila siku. Walakini upo ugonjwa mmoja, adimu mno, ambao haukubali kukaa katika safu yoyote kati ya hizo mbili. Ni uvimbe ambao ukitazamwa kwa hadubini una sifa za safu ya kwanza, lakini umekutwa mapafuni, mbali na mahali ulipozaliwa. Ugonjwa huo unastahili kujulikana na walimu na wanafunzi, si kwa sababu yamkini watakutana nao, bali kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko mifano mingi jinsi maana ya kisayansi inavyojengwa, na hasara inayompata mgonjwa pale maana hiyo inapogeuzwa kuwa ukuta.

Chanzo chake ni jambo la kawaida kabisa. Ukuta wa mfuko wa uzazi umejengwa kwa misuli laini, yaani misuli ile isiyotii amri ya mtu, kama ya utumbo na ya mishipa ya damu. Katika ukuta huo mara nyingi huota uvimbe mgumu wa mviringo, ambao wataalamu huuita leiomioma, na ambao watu wengi wanaujua kwa jina la fibroidi. Uchunguzi uliofanywa mjini Washington, Marekani, na kutangazwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi, na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe, huwa wamepata uvimbe huo, ingawa wengi wao hawajui kamwe kwamba wanao. Baadhi huumia: hedhi huwa nzito, damu hupungua mwilini, tumbo huuma, au mimba haishiki. Hata hivyo uvimbe huo si saratani, na mwanamke aliyeambiwa kuwa anao hana sababu ya kuandika wosia.

Kwa wanawake wachache sana habari haiishii hapo. Mwanamke hufanyiwa operesheni ya kuondoa uvimbe, au mfuko wote wa uzazi. Hupona, hurudi kwenye kazi zake na malezi ya watoto wake. Baada ya miaka mingi, mara nyingine kumi au zaidi, hupigwa picha ya eksirei ya kifua kwa sababu nyingine kabisa, na katika mapafu yote mawili huonekana vinundu vya mviringo, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama ndimu. Huenda hana dalili yoyote. Huenda anakohoa au anaishiwa pumzi anapopanda mlima. Kipande cha kinundu kimoja kikichukuliwa na kuchunguzwa, kinachoonekana si nyama ya pafu wala si saratani ya pafu. Ni misuli laini, iliyotulia, ya namna ile ile iliyokuwa katika mfuko wa uzazi.

Mwaka 1939 mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Paul Steiner, alitangaza habari za mgonjwa wa namna hiyo katika jarida la patholojia la nchi yake, na maelezo yake ndiyo yanayohesabiwa kuwa mwanzo wa ugonjwa huu kupewa nafasi katika vitabu. Leo unaitwa leiomioma isiyodhuru inayosambaa. Jina hilo linajipinga lenyewe, sawa na mtu kutaja maji makavu. Kama kutosambaa ni sehemu ya maana ya kutodhuru, basi uvimbe huu hauna haki ya kuitwa usiodhuru. Na kama umbo la seli ndilo linaloamua, basi hauna haki ya kuitwa saratani.

Ni vyema kujua kwamba mtaalamu wa patholojia haamui kwa kubahatisha. Vigezo vilivyotangazwa mwaka 1994 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambavyo vimekuwa msingi wa kazi hiyo, vinamtaka atazame hasa mambo matatu: kama viini vya seli vimeharibika umbo, ni seli ngapi zimo katika kugawanyika, na kama ziko sehemu za uvimbe zilizokufa kwa namna maalumu inayoashiria saratani. Katika vinundu hivi vya mapafuni, viini ni vya kawaida, seli zinazogawanyika ni chache mno, na sehemu zilizokufa kwa namna hiyo hazipo. Hadubini inatoa hukumu moja, na mahali ulipokutwa uvimbe panatoa hukumu nyingine.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi mwerevu angeuliza ni hili: je, kuna uhakika gani kwamba vinundu hivyo vilisafiri? Mbona visiwe vimezaliwa papo hapo mapafuni, kutokana na misuli laini iliyomo katika mishipa ya damu na njia za hewa? Swali hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na njia iliyotumika kulijibu ni miongoni mwa njia nzuri za kufundishia elimu ya urithi, kwani haihitaji hesabu ngumu.

Kila seli ya mwili wa mwanamke ina kromosomu mbili za X, moja ya kutoka kwa baba na nyingine ya kutoka kwa mama. Mwaka 1961 mtaalamu wa Uingereza, Mary Lyon, alitoa hoja kwamba mapema sana katika ukuaji wa kiinitete kila seli huzima moja ya kromosomu hizo kwa bahati nasibu, na kwamba seli zote zitakazotokana na seli hiyo hurithi uamuzi huo huo. Kwa hiyo mwili wa mwanamke ni kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi mbili: kila mwaa una rangi yake, lakini ukichukua kipande cha mkeka utakuta rangi zote mbili zimo.

Mwaka 1965 wataalamu wawili nchini Marekani, David Linder na Stanley Gartler, waliitumia hoja hiyo kuchunguza fibroidi. Walichagua wanawake waliokuwa na aina mbili, A na B, za kimeng'enya kijulikanacho kwa ufupi kama G6PD, ambacho jeni yake imo katika kromosomu X. Aina ya A hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Katika misuli ya kawaida ya mfuko wa uzazi walikuta aina zote mbili, kama ilivyotarajiwa. Katika kila fibroidi walikuta aina moja tu. Maana yake ilikuwa wazi: kila uvimbe, hata uwe na uzito wa kilo nzima, ulianza kwa seli moja. Tena, katika mfuko mmoja wa uzazi, fibroidi moja iliweza kuwa ya A na jirani yake ikawa ya B. Kila moja ilikuwa imeanza peke yake.

Baadaye njia zilizotokana na wazo hilo hilo zilitumika kuchunguza vinundu vya mapafuni, na matokeo yake yalitangazwa katika majarida, ukiwamo uchunguzi wa mwaka 2000 na mwingine wa mwaka 2006. Hoja yake inaweza kuelezwa kwa sarafu. Lau kila kinundu kingezaliwa mapafuni kwa seli yake chenyewe, kila kimoja kingekuwa kimerusha sarafu yake, na uwezekano wa kinundu kimoja kulingana na uvimbe wa mfuko wa uzazi ungekuwa 1/2. Uwezekano wa viwili vyote kulingana nao ungekuwa 1/4. Na wa vitano vyote, 1/32. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, lakini vinundu vyao vilionyesha alama moja, na pale uvimbe wa zamani wa mfuko wa uzazi ulipopatikana kwa kulinganishwa, alama yake ilikuwa hiyo hiyo. Kwa hiyo ushahidi unaelekea upande wa safari: seli ziliondoka katika mfuko wa uzazi na kufika mapafuni.

Zilisafirije bila kuwa saratani? Hapa ndipo jedwali la ubaoni linapohitaji kufunguliwa. Kusambaa si tendo moja. Seli hutakiwa kung'oka, kuingia katika mshipa, kusalimika katika mkondo wa damu, kukwama mahali, na kuweza kuishi na kuzaana huko. Seli ya saratani hupata uwezo wa kupita hatua hizo kwa nguvu zake. Seli ya fibroidi yamkini hubebwa tu. Upo ugonjwa mwingine wa jamaa hiyo, ambapo fibroidi hukua ndani ya vena za mfuko wa uzazi kama mzizi unaofuata bomba la maji, na mara nyingine hupanda mpaka kufika katika moyo, huku seli zake zikiwa zimetulia vile vile. Tena mkono wa mwanadamu unaweza kuzisafirisha. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo dhidi ya vyombo vya umeme vilivyotumika kukatakata fibroidi ndani ya tumbo ili zitolewe kupitia tundu dogo. Vyombo hivyo viliweza kutawanya vipande, na kati ya wanawake 350 waliofanyiwa operesheni kwa ajili ya fibroidi, idara hiyo ilikadiria kwamba mmoja alikuwa na sarkoma ya mfuko wa uzazi bila kujulikana. Hata vipande vya fibroidi ya kawaida vilivyoachwa tumboni vimewahi kuota mahali pengine.

Vikisha kufika mapafuni, vinundu hivi aghalabu huendelea kutii homoni za kike, estrojeni na projesteroni, kama walivyofanya wazazi wao. Ndiyo sababu kwa baadhi ya wagonjwa hukua polepole katika miaka ya hedhi, na kusinyaa hedhi inapokoma. Ndiyo sababu pia tiba yake hutofautiana na tiba ya saratani iliyoenea. Mgonjwa mmoja huangaliwa tu kwa picha za mara kwa mara. Mwingine huondolewa vinundu kwa operesheni. Mwingine hupewa dawa za kupunguza homoni, au huondolewa ovari. Hii haina maana kwamba ugonjwa ni mchezo. Vinundu vikijaa mapafu vinaweza kumnyima mgonjwa pumzi, na wapo waliofariki.

Ni haki kueleza pia kwamba wataalamu hawajakubaliana wote. Wapo wanaoshikilia kwamba baadhi ya visa hivi ni saratani ya polepole, ambayo haikutambuliwa kwa sababu vipande vilivyotazamwa vilikuwa vichache. Hoja hiyo ina uzito, kwani uvimbe mkubwa hauwezi kutazamwa wote kwa hadubini. Lakini mabishano hayo hayaonyeshi udhaifu wa sayansi. Yanaonyesha kwamba mipaka kati ya magonjwa imechorwa na watu, kwa ajili ya kazi fulani, na kwamba watu hao wako tayari kuichora upya ushahidi unapodai hivyo.

Kuna mifano mingine inayothibitisha jambo hilo. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi waweza kuota nje ya mfuko huo, tumboni na hata kifuani, na kutoa damu kila mwezi, wala hauitwi saratani. Kwa upande mwingine, ipo saratani ya ngozi inayoanzia katika seli za tabaka la chini la ngozi, ambayo hula pua na sikio lakini ni nadra mno kusafiri. Nayo huitwa saratani kwa haki. Basi kusafiri ni dalili kubwa ya saratani, lakini si saratani yenyewe.

Je, habari hizi zina manufaa gani kwa shule ambayo huenda haina hata hadubini moja nzima? Manufaa yake yanahusu maisha ya watu. Na afikiriwe mama mwenye umri wa miaka 45, aliyepata kuondolewa fibroidi zamani, na ambaye eksirei yake sasa inaonyesha vinundu mapafuni. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, upo uwezekano wa kuanzishiwa dawa za ugonjwa huo, ambazo kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Au aambiwe kwamba ana saratani iliyokwisha kuenea, na watoto wake waanze kuuza mali ili kununua tiba kali isiyomfaa. Katika hali zote mbili, kosa limetokana na kusoma mahali uvimbe ulipo bila kuuliza uvimbe ni wa namna gani. Swali hilo hujibiwa na kipande cha nyama kilichochunguzwa, wala halijibiwi na picha peke yake.

Na afikiriwe pia mama wa pili, aliyeambiwa kwamba fibroidi yake "haidhuru". Neno hilo alilichukua kama lilivyo. Kila mwezi anapoteza damu nyingi, anasikia kizunguzungu, moyo unamwenda mbio akibeba ndoo ya maji, lakini haendi hospitali, kwa kuwa amekwisha hakikishiwa kwamba uvimbe haudhuru. Maneno ya asili ya Kilatini yaliyotumika katika Ulaya, benignus na malignus, yana maana ya mwema na mwovu. Kiswahili kilipoyapokea, kilirithi pia kasoro yake. Ingekuwa afadhali kusema "uvimbe usio saratani", maneno ambayo yanaeleza kile hasa kilichothibitishwa wala hayaahidi zaidi ya hapo. Kwani uvimbe usio saratani unaweza kumdhuru mtu kwa ukubwa wake, kwa mahali ulipo, kwa damu unayoimwaga, na mara chache sana hata kwa kusafiri.

Liko jambo la tatu, nalo linahusu hospitali. Kulinganisha kinundu cha mapafuni na uvimbe wa zamani kunawezekana tu iwapo uvimbe huo wa zamani ulichunguzwa, na kipande chake kikahifadhiwa. Nyama iliyokaushwa na kuzamishwa katika mchemraba wa nta hukaa miaka mingi bila kuharibika, na huchukua nafasi ndogo kuliko kiberiti. Pale uvimbe unapotupwa mara baada ya operesheni kwa kuwa "ni fibroidi tu", ushahidi ambao ungehitajika miaka kumi na mitano baadaye hutupwa pamoja nao. Kuongeza wataalamu wa patholojia na maabara zao katika hospitali za mikoa si anasa ya nchi tajiri. Bila wao, safu zote mbili za jedwali ni dhana tupu, kwa kuwa hakuna wa kusema mgonjwa huyu yumo katika safu ipi. Na kila mwanamke aliyefanyiwa operesheni hana budi kupewa maandishi yanayoeleza ni kitu gani kilichoondolewa na matokeo ya uchunguzi wake, naye ayatunze kama anavyotunza vyeti vya watoto wake.

Baadhi ya walimu watapinga kwamba mifano ya namna hii itawachanganya wanafunzi, na kwamba mtihani hautaki visa adimu. Pingamizi hilo si la kupuuzwa, kwani mwanafunzi asiyejua kanuni hawezi kuona maana ya kilicho nje ya kanuni. Kwa hiyo jedwali lisifutwe. Lifundishwe kwanza, kwa ukamilifu. Kisha mwalimu aongeze neno "aghalabu" juu ya kila safu, na awaulize wanafunzi maswali matatu: Sifa hii ilijulikanaje? Ni chombo gani kilichotumika kuipima? Na ni ushahidi gani ungetufanya tubadili mawazo? Kipindi kimoja kinatosha. Sarafu tano na ubao vinatosha kuonyesha hesabu ya 1/32. Mwanafunzi aliyezirusha sarafu hizo kwa mkono wake atasahau jina refu la ugonjwa, lakini hatasahau kwamba hoja ya kitabibu inaweza kupimwa.

Wengi wa wanafunzi hao hawatakuwa matabibu. Watakuwa wakulima, makarani, mafundi, walimu, na wazazi. Lakini karibu kila mmoja wao, siku moja, ataketi katika benchi la hospitali pamoja na mama yake, dada yake au mkewe, akisubiri kuambiwa maana ya uvimbe ulioonekana. Siku hiyo jedwali alilokariri litamfanya ama aogope upesi au atulie upesi. Aliyefundishwa maana pamoja na ushahidi wake atamwuliza daktari, kwa adabu: "Kipande kimechunguzwa? Na majibu yanasemaje?"